Feni Tatu za Norsborg

Chumba chenyewe kilikuwa chini ya jengo la ghorofa nane huko Norsborg, pembezoni mwa Stockholm, karibu na mahali reli ya chini ya ardhi inapoishia. Zamani wapangaji walinyooshea mashuka yao humo kwa mashine kubwa. Mashine ilipoondolewa, kikabaki kitupu, hakina dirisha, kina harufu ya sabuni ya miaka mingi. Mama mmoja wa Uvira, kule Kongo, aliyeishi katika jengo hilo aliomba akitumie kuoteshea mboga wakati wa baridi. Wenye nyumba walimkubalia, kwa majaribio.

Nilimfahamu kanisani. Tunasali katika ukumbi wa kukodi, Wakongo, Wakenya na Warundi pamoja, na baada ya ibada tunakunywa chai. Yeye amenizidi miaka kama ishirini. Mimi nilimwita mama, yeye akaniita dada, na hakuna aliyeona ajabu. Jumapili moja ya Januari alinivuta pembeni, kikombe kingali mkononi.

"Dada, weye si ulisoma mambo ya courant?"

"Umeme, mama? Nilisoma. Lakini ni zamani."

"Zamani si kitu. Kesho ukuje uone chumba yangu. Niko na shida."

Kweli nilisoma. Nina diploma ya umeme kutoka chuo cha ufundi kule Nakuru, na mwaka wangu tulikuwa wasichana wanne tu darasani. Nilikuja Stockholm nikimfuata mume wangu aliyekuwa mwanafunzi, tukikusudia kukaa miaka miwili. Miaka kumi na mmoja ilikuwa imepita. Yeye alikuwa na kazi ya ofisini, mimi nilitunza wazee katika makao yao, nikiwaogesha, nikiwalisha, nikiwasikiliza. Kazi hiyo naipenda hadi leo. Lakini katika miaka yote hiyo hakuna mtu aliyeniuliza jambo lolote la umeme, isipokuwa mzee mmoja ambaye rimoti yake ilikuwa imeisha betri.

Kesho yake haikuwa siku yangu ya kazi. Nilipanda treni Vårby gård, tunakoishi, asubuhi nikashuka mwisho wa njia.

Mama alifungua mlango wa chuma, na mwanga ukanipiga usoni nikarudi nyuma hatua moja. Alikuwa amepanga rafu za mbao kuta tatu, na juu ya kila rafu amebandika taa za LED za utepe, zote zikiwaka kwa nguvu zake zote. Chini yake kulikuwa na trei za miche: lengalenga, ambayo sisi tunaiita mchicha, bilinganya, pilipili kali, na sukuma wiki aliyopewa mbegu na Mkenya mmoja. Kwenye rafu ya katikati zilifungwa feni tatu kubwa za kompyuta, kutoka kwenye kompyuta alizopewa zilipotupwa kazini kwa shemeji yake. Zilizunguka kwa kasi ya kutisha. Ilibidi tupaze sauti ndio tusikilizane.

"Feni ya nini, mama?" nilimuuliza.

"Nikizizima, ukungu unakula miche. Mara ya kwanza nilipoteza yote, trei nane. Nikiziwasha, angalia." Alinionyesha miche iliyolala chini upande mmoja kama nyasi iliyokanyagwa. "Na hii taa inachoma majani ya batoto." Batoto ndio miche.

Tukiwa tunaongea hivyo, mtunza nyumba aliingia. Alikuwa Mswidi mwenye umri wa makamo, mpole, na shada kubwa la funguo kiunoni. Kiswidi cha mama kilikuwa kidogo, kwa hiyo niligeuka mkalimani. Alisema jirani wa ghorofa ya kwanza, ambaye chumba chake cha kulala kipo juu yetu kabisa, amelalamika mara tatu kuhusu mngurumo. Alhamisi ya wiki inayofuata yeye mwenyewe atapanda kwa huyo bibi kusikiliza. Mngurumo ukiwa bado upo, chumba kitarudishwa.

"Siwezi kufanya vingine," alisema. Akaangalia miche kidogo. "Ni mizuri," aliongeza, akaondoka.

Nilimtafsiria mama. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akaniangalia.

"Dada, unaweza ao huwezi?"

Sijui nilipata wapi jibu. "Naweza," nilisema. "Feni zitanyamaza, na taa nitazipunguza."

Njiani kurudi nilihesabu siku. Zilikuwa kumi, na kati ya hizo siku zangu za mapumziko zilikuwa nne.

Mume wangu alipotoka kazini alinikuta nimeitwaa meza ya jikoni. Nilikuwa nimetoa mkebe wa biskuti niliokuja nao kutoka Nakuru, wenye vipuri vyangu vya chuoni, na nimepita dukani mjini kununua vilivyopungua.

"Si ununue tu kidhibiti kilicho tayari?" aliuliza.

"Nataka kukitengeneza mimi."

Ananijua. Alichukua sahani yake akaenda kula sebuleni.

Kazi yenyewe, ukiielewa, ni ya kupendeza kwa urahisi wake. Huipunguzi taa kwa kuinyima umeme. Unauwasha na kuuzima umeme wote, mara nyingi mno kwa sekunde. Muda wa kuwaka ukiwa mrefu kuliko wa kuzima, taa inang'aa; ukiwa mfupi, inafifia, na jicho halijui kwamba limedanganywa. Chuoni tuliiita kwa herufi zake tatu tu, PWM. Kinachohesabu muda ni kichipu kimoja cha miguu minane, kikisaidiwa na kapasita, kitu kidogo kinachojaa umeme na kumwagika, kinajaa na kumwagika. Kapasita kubwa inachelewa kujaa, kwa hiyo mwendo ni wa polepole. Ndogo inajaa upesi, mwendo unakuwa wa kasi.

Vidole vyangu vilikumbuka kabla ya kichwa. Nilipopasha moto chuma cha kulehemu na ule moshi mwembamba ukanifikia puani, nilicheka peke yangu. Saa mbili baadaye kidhibiti cha kwanza kilikuwa juu ya meza, kimefungwa kipande cha taa. Nilizungusha kitufe kulia, taa ikang'aa. Nikazungusha kushoto, ikafifia taratibu mpaka ikawa kama mshumaa. Nilizungusha kulia na kushoto labda mara thelathini.

Nilimwita mume wangu. Alipunga mkono chini ya taa, kama mtu anayefukuza nzi, kisha akasimama.

"Mbona vidole vyangu viko kumi na viwili?"

Nilipunga wangu. Kweli, chini ya mwanga ule mkono uliosogea ulikatika vipande vipande. Nilielekeza kamera ya simu kwenye taa, na mistari myeusi ikapita kwenye kioo. Nilikuwa nimetumia kapasita kubwa mno. Taa ilikuwa inawaka na kuzimika kama mara mia na hamsini tu kwa sekunde. Mimea isingejali, lakini mama alikuwa anakaa chini ya taa zile nusu siku nzima, na kichwa kingemuuma. Nilipojaribu kidhibiti hichohicho kwenye feni moja ya zile tatu, aliyoniazima mama, feni ilinguruma kama nyuki waliofungiwa kwenye debe. Ilikuwa mbaya kuliko mwanzo.

"Umeharibu?" mume wangu aliuliza kwa upole.

"Sijaharibu. Najaribu."

Siku iliyofuata ya mapumziko niliitoa ile kapasita nikaweka ndogo mara kumi. Sasa mara elfu moja na mia nne kwa sekunde. Nikapunga mkono chini ya taa: vidole vitano, vizima. Kamera haikuonyesha mstari hata mmoja. Taa zilikuwa zimekubali, na nilifunga bodi ile kwenye kijisanduku cha plastiki nikaandika juu yake TAA kwa herufi kubwa.

Bodi ya pili ya namna hiyohiyo niliiunga na feni, na feni ndiyo ilikataa. Haikunguruma tena, ila ililia, sauti nyembamba ya mbu aliye karibu na sikio. Nilipunguza kasi, ikalia. Nilipoongeza, bado ililia. Nikagusa transista, kile kipuri kinachouwasha na kuuzima umeme, nikaungua kidole, nikakiweka chini ya maji baridi huku nikiisikiliza feni ikiendelea kulia mezani, na nakiri kwamba hapo ndipo nilipoogopa. Siku mbili za mapumziko zilikuwa zimetumika, na nilikuwa nimemwahidi mama mbele ya miche yake.

Kesho yake, kazini, nilikuwa namvisha mzee mmoja soksi, na mawazo yangu yote yako kwenye feni. Niliiona akilini jinsi ilivyolala mezani kwangu: waya mweusi, waya wa njano, zote mbili nimeziunga kwenye kidhibiti. Waya wa kijani, wa kupimia kasi. Na waya wa bluu, ambao nilikuwa nimeukunja na kuufunga kwa utepe ili usinisumbue. Soksi ikabaki nusu mguuni.

"Kuna tatizo?" mzee aliuliza.

"Hapana," nilimwambia. "Nimekumbuka kitu."

Feni ya waya nne haitaki kukatiwa umeme. Ndani yake ina akili yake ndogo, na waya wa bluu upo kwa ajili ya kupokea amri tu. Nilikuwa nikiikaba koo wakati ilikuwa imeniachia sikio wazi. Isitoshe, mguu wa saba wa kile kichipu changu haukuwa na kazi yoyote, na ndio hasa unaofaa kutoa amri ya namna hiyo.

Siku ya tatu ya mapumziko nilianza kabla ya kunywa chai. Umeme niliupeleka moja kwa moja kwenye feni bila kuukatakata, na mguu wa saba nikauunga na waya wa bluu. Niliwasha. Feni ilizunguka, nikazungusha kitufe, ikatii vizuri kuliko mara iliyopita. Ila ule mlio wa mbu ulikuwepo bado, mdogo, wa mbali. Mtu mwingine angeridhika. Mimi nilikumbuka bibi wa ghorofa ya kwanza.

Basi nikarudi kwenye kapasita. Sikio la binadamu lina mwisho wake. Juu ya mara elfu ishirini kwa sekunde halisikii kitu. Nilipiga hesabu nyuma ya bahasha, nikachagua kapasita ndogo kabisa ndani ya mkebe, ya rangi ya udongo, ndogo kuliko punje ya mchele. Hiyo ingenipeleka zaidi ya mara elfu ishirini na tano. Nililehemu miguu yake miwili, nikapuliza, nikawasha.

Kimya.

Nilidhani nimeiua. Nilikata kipande cha gazeti nikakisogeza mbele ya feni, na karatasi ikapepea mkononi mwangu. Feni ilikuwa inazunguka. Nikainamisha sikio mpaka nywele zikaguswa na upepo, nikasikia upepo tu, kama mtu anayepumua usingizini. Nilizungusha kitufe mpaka chini, kisha juu, kisha katikati. Hakuna mbu, hakuna nyuki.

Niliinua mikono yote miwili nikazunguka jikoni nikicheza bila muziki. Mume wangu alikuwa akifanya kazi nyumbani siku hiyo, yupo kwenye mkutano wa simu. Alichungulia mlangoni, akaangalia feni, akaniangalia mimi, akazima kipaza sauti chake.

"Imenyamaza?"

"Njoo usikilize."

Alisikiliza. Alinipa mkono kama wanavyopeana wanaume baada ya mechi, akarudi kwenye mkutano wake.

Jumatano nilikuwa Norsborg na vijisanduku viwili, TAA na FENI, pamoja na ile feni niliyoazima. Mama alishika ngazi, mimi nikaunga nyaya. Taa zilishuka mpaka mwanga wa asubuhi njema, na mama akavua miwani ya jua aliyokuwa akiivaa humo ndani, akaikunja. Kisha feni. Ya kwanza ilinyamaza, ya pili ikanyamaza. Ya tatu iliendelea kuvuma kwa nguvu zote kana kwamba haikuniona.

Nilipanda tena ngazi. Ilikuwa ya zamani kuliko wenzake, ina waya tatu tu. Haikuwa na wa bluu. Hakuna amri ambayo ingeipata.

"Donc? Sasa je?" mama aliuliza.

"Nipe saa mbili, mama."

Nilipanda treni kurudi Vårby gård, nikafungua kabati ambamo mume wangu alikuwa amehifadhi kompyuta yake ya mezani ya enzi za uanafunzi, ambayo hakuiwasha miaka minne na asiyotaka itupwe. Nilifungua skrubu nne. Nilimpigia simu nikiwa tayari njiani.

"Nimechukua feni ya kompyuta yako."

"Ile kubwa?"

"Ile kubwa."

"Hiyo ni nzuri sana," alisema kwa huzuni. "Itakufaa."

Nayo ilifaa. Ilipofika saa tisa, nje giza likianza kuingia, feni zote tatu zilikuwa zinazunguka na mimi na mama tulikuwa tunaongea kwa sauti ya chini humo ndani, sauti ya watu walioketi chumba kimoja. Mama alipitisha kiganja juu ya miche. Majani yalitikisika kidogo tu.

"Voilà," alisema. "Sasa inapumua."

Alhamisi tulipanda ghorofa ya kwanza watatu: mtunza nyumba, mama na mimi. Aliyetufungulia alikuwa mwanamke mwembamba mwenye nywele nyeupe zilizokatwa fupi. Sebuleni kwake palikuwa na piano, na ukutani picha za watoto wenye vinanda. Alituambia alifundisha muziki shuleni maisha yake yote. Kati ya masikio yote ya jengo lile, yetu yalikuwa ni haya.

Alitukaribisha kahawa. Mtunza nyumba alimweleza kwamba leo watasikiliza pamoja, kisha uamuzi utatolewa. Bibi aliweka vikombe, akakata keki ya iliki, akauliza miche ni ya mboga gani. Mama alijibu kwa Kiswidi chake, akionyesha kwa mikono ukubwa wa majani, nami nikajaziliza. Tulikunywa. Bibi akamwongezea mama kahawa. Kisha akaangalia saa yake ya mkononi, akamgeukia mtunza nyumba.

"Haya, mimi niko tayari. Wanaziwasha lini?"

Mtunza nyumba alinitazama.

"Zinawaka," nilisema. "Tangu jana mchana hazijazimwa."

Bibi aliinua kidole tuwe kimya. Alisimama, akaenda chumbani mwake, tukamwona kupitia mlango ulio wazi akipiga magoti taratibu, mkono mmoja kitandani, akalaza sikio kwenye mbao za sakafu. Alikaa hivyo kwa muda ambao kwangu ulikuwa mrefu sana. Alipoinuka uso wake ulikuwa mwekundu kwa kuinama.

"Nasikia mabomba ya maji," alisema. "Nasikia lifti. Feni sizisikii."

Mtunza nyumba alitoa kalamu, akaandika kitu kwenye karatasi yake, akaikunja. "Chumba ni chenu," alisema.

Nilimtafsiria mama, ingawa alikuwa amekwisha elewa. Alichukua mkono wangu, ule wenye kidole kilichoungua, akaushika kwa mikono yake miwili juu ya meza ya mtu tuliyemjua kwa nusu saa tu.

"Ni nani aliyezitengeneza?" bibi aliuliza.

"Ni mimi."

"Wewe ni mhandisi?"

Kwa miaka kumi na mmoja, nilipoulizwa swali la namna hiyo, nilijibu nafanya kazi na wazee, na jibu hilo lilikuwa kweli. Siku ile nilijibu jingine ambalo nalo lilikuwa kweli.

"Ndiyo. Nilisomea umeme."

Aliitikia kwa kichwa kana kwamba hakuna jambo la kawaida zaidi ya hilo, akasukuma keki upande wangu.

Mwanzoni mwa Machi, theluji ikiwa bado imelala nje, mama alileta kanisani sufuria mbili za lengalenga, iliyovunwa asubuhi ileile na kupikwa kwa mawese na dagaa. Watu walikuja na sahani wakidhani ni ya kopo. Mrundi mmoja alionja, akafumba macho, akauliza imetoka duka gani. Mama alinisukuma mbele kwa bega.

"Imetoka chini ya nyumba yangu," aliwaambia wote. "Jua yake, ilitengenezwa na huyu."

Nilisimama pale mbele ya watu na sahani ya ugali mkononi, sijui nitazame wapi. Wanawake wawili wanaoishi Farsta, mtaa mwingine wa Stockholm, walinifuata kabla sijamaliza kula. Nao walikuwa wamepata chumba, nao wana feni zinazopiga makelele. Wenzao wa jengo la pili walikuwa na hamu pia. Kwa jumla walitaka bodi sita.

Nilizitengeneza kwa wiki tatu, kwenye meza ileile ya jikoni. Safari hii nilijua kila kipimo kabla ya kushika chuma, na mume wangu alikuwa ameninunulia taa ya kufanyia kazi, ambayo siku ya kwanza niliifungua nikaitia kidhibiti changu. Jumamosi asubuhi nilizipanga zote sita kwa mstari, nikazijaribu moja baada ya nyingine kwa taa, kwa mkono wa kupunga, kwa kamera, na zile za feni kwa sikio lililosogezwa hadi karibu kugusa. Ya kwanza ilikubali. Ya pili na ya tatu zikakubali. Mume wangu alikuja akasimama nyuma yangu na kikombe chake akawa anahesabu kwa sauti. Alipofika sita, hakuna hata moja iliyokuwa imegoma.

Nilizifunga kwenye taulo, nikaziweka ndani ya begi, nikavaa koti na kwenda Farsta kuziwasha.